Filta za Lenzi kwa Mpiga Picha Anayeanza: Namna ya Kuzichagua na Kuzitumia

Maswali kuhusu filta za lenzi hayaishi, na karibu yote hufanana. Mtu amenunua kamera yake ya kwanza, hajazoea hata kubadilisha kasi ya shata, na tayari anauliza anunue filta gani, ya ukubwa gani, na kama ile ya UV aliyosisitiziwa na muuzaji ni ya lazima. Wengine huuliza baada ya kununua: filta haiingii kwenye lenzi, au imeingia na sasa haitoki, au picha zimetoka zikiwa na pembe nyeusi na rangi isiyoeleweka. Mwongozo huu unayajibu maswali hayo kwa mpangilio ambao unaweza kuufuata kamera ikiwa mkononi.

Shika kwanza jambo moja ambalo litakuokolea fedha nyingi: filta inayostahili kununuliwa ni ile inayofanya kazi ambayo programu ya kuhariri haiwezi kuifanya baadaye. Enzi za filamu, wapiga picha walibeba filta za njano, nyekundu, kahawia na buluu kwa sababu rangi na utofauti wa toni vilipaswa kuamuliwa kabla ya kubonyeza shata. Leo kazi hiyo hufanywa kwenye kompyuta au simu kwa muda mfupi. Lakini hakuna programu itakayokurudishia mawe ya chini ya maji yaliyofunikwa na mng'ao wakati wa kupiga, wala itakayoichukua picha moja iliyopigwa kwa 1/500 ya sekunde na kuionyesha safari ya maji ya sekunde nzima. Kwa sababu hiyo, anayeanza anahitaji filta za aina mbili tu, yaani polaraiza, ambayo hupunguza mng'ao, na ND, ambayo ni kioo cheusi cha kupunguza mwanga. Nyingine zote zinaweza kusubiri, na baadhi yake zinaweza kusubiri milele.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Kamera yenye lenzi iliyochongwa hesi kwa mbele, yaani ile michirizi ya ndani ambamo filta huzungushiwa. Baadhi ya lenzi pana sana zina kioo kilichobinuka kama jicho na hazina hesi. Hizo huhitaji mfumo wake maalumu, na mwongozo huu hauzihusu.
- Uwezo wa kutumia modi ya M, ambayo unapanga kila kitu mwenyewe, na ile ya A, ambayo unachagua tundu la lenzi na kamera inapanga kasi; kwenye kamera nyingine huandikwa Av. Ikiwa bado unategemea modi ya otomatiki pekee, jifunze kwanza uhusiano wa tundu la lenzi, kasi ya shata na ISO, kisha urudi hapa.
- Traipodi isiyotikisika, kwa ajili ya filta ya ND.
- Rimoti ya shata, au angalau kipima muda cha sekunde 2 kilichomo ndani ya kamera.
- Kipulizio cha mkono cha kuondolea vumbi na kitambaa safi cha mikrofaiba.
- Simu yenye saa ya kuhesabu sekunde.

Hatua ya 1: Soma ukubwa wa hesi ya lenzi yako

Tazama mbele ya lenzi, kwenye ukingo unaozunguka kioo, utafute alama ya duara lililokatwa kwa mstari, ø, ikifuatwa na namba. Huo ndio upana wa hesi kwa milimita, na ndiyo namba pekee unayoihitaji dukani. Ukubwa unaoonekana sana ni 49, 52, 55, 58, 62, 67, 72, 77 na 82. Kama maandishi yamefutika, geuza kifuniko cha mbele cha lenzi. Mara nyingi namba hiyohiyo imeandikwa kwa ndani.

Hapa ndipo wengi hukosea. Lenzi imeandikwa 50 mm, mnunuzi anaagiza filta ya milimita 50, na ikifika haikai. Namba hiyo ya 50 mm ni urefu wa fokasi, ambao hueleza lenzi inaona eneo pana au jembamba kiasi gani, na haina uhusiano wowote na hesi. Vivyo hivyo kwa 18-55 mm: usidhani kwamba 55 ni ukubwa wa filta, ingawa kwa bahati tu zipo lenzi za aina hiyo ambazo hesi yake pia ni 55. Fuata alama ya ø, usifuate namba nyingine.

Hatua ya 2: Nunua ukubwa mmoja, kisha tumia ringi

Ukiwa na lenzi tatu zenye hesi za 52, 67 na 77, huna haja ya polaraiza tatu. Nunua moja ya 77 iliyo nzuri, kisha nunua ringi za chuma za kuongezea ukubwa: moja ya 52-77 na nyingine ya 67-77. Katika maandishi ya ringi hizi, namba ya kwanza ni ya upande unaoingia kwenye lenzi na ya pili ni ya upande unaopokea filta. Ringi hazina kioo, kwa hiyo haziharibu ubora wa picha, na bei yake ni ndogo sana ukilinganisha na filta ya pili.

Usifanye kinyume chake. Ringi ya kupunguza ukubwa, mathalani ya 77-67, hukuruhusu kufunga filta ndogo kwenye lenzi kubwa, lakini ukingo wa filta huingia ndani ya eneo linaloonwa na lenzi, na pembe za picha hugeuka nyeusi. Kumbuka pia kwamba ringi ya kuongeza ukubwa kwa kawaida huzuia kikinga mwanga cha lenzi kisikae mahali pake. Hiyo ni gharama ndogo, ila ukipiga picha jua likiwa ubavuni itakubidi ukinge kioo kwa mkono au kwa kipande cha kadibodi.

Hatua ya 3: Amua aina ya filta unayoihitaji

Filta ya UV. Filamu iliathiriwa na miale ya urujuanimno, hasa milimani na karibu na bahari, ikatoa ukungu wa samawati. Kamera za dijitali zina kioo mbele ya kihisi ambacho tayari hupunguza miale hiyo, kwa hiyo filta ya UV leo hufanya kazi moja tu: kulinda kioo cha mbele cha lenzi. Katika mchanga unaopeperushwa na upepo, matone ya maji ya chumvi au matope, ulinzi huo una maana. Katika siku za kawaida, kifuniko na kikinga mwanga hutosha, na tena havikuongezei kioo cha pili cha kuakisi taa. Mpiga picha asiyekuwa nayo hajakosa kitu, na anayeitaka anunue iliyo nzuri, kwa sababu kuweka kioo duni mbele ya lenzi nzuri ni kuishusha lenzi hiyo hadhi.

Polaraiza. Hii huandikwa CPL. Hupunguza mng'ao unaoakisiwa na maji, vioo, majani, rangi ya gari na hata ngozi yenye jasho. Pia huifanya samawati ya anga iwe nzito zaidi. Haina nguvu juu ya mng'ao wa chuma kitupu. Chagua ya mviringo, yaani yenye herufi C, kwa kuwa zile za zamani za mstari zinaweza kuvuruga upimaji wa mwanga na fokasi ya otomatiki katika baadhi ya kamera, hasa zile za DSLR, yaani zenye kioo cha ndani kinachopeleka taswira kwenye kitundu cha kuchungulia. Kama utanunua filta moja tu mwaka huu, iwe hii.

ND. Ni kioo chenye giza linalolingana kila mahali, nacho hupunguza mwanga bila kubadilisha rangi, au angalau ndivyo inavyopaswa kuwa. Kazi yake ni kukuwezesha kuiacha shata wazi kwa muda mrefu mchana, au kutumia tundu kubwa la lenzi kwenye jua kali. Wapiga video huihitaji zaidi ya wote, kwa sababu video ya fremu 25 kwa sekunde kwa kawaida hupigwa kwa 1/50, na juani kasi hiyo huingiza mwanga mwingi kupita kiasi.

Tatizo la ND ni kwamba watengenezaji huandika nguvu yake kwa lugha mbili tofauti. Wengine huandika mara ngapi mwanga umegawanywa, wengine huandika uzito wa giza, ambapo kila 0.3 ni stopu moja, yaani mwanga kupungua kwa nusu. Hivi ndivyo zinavyolingana:

- ND8 ni sawa na 0.9, yaani stopu 3.
- ND64 ni sawa na 1.8, yaani stopu 6.
- ND1000 ni sawa na 3.0, yaani stopu 10.

Kwa hiyo filta iliyoandikwa ND 3.0 si ya stopu 3. Ni ya stopu 10, na ukiiangalia kwa macho inaonekana karibu nyeusi kabisa. Soma lebo yote kabla ya kulipa. Wanaoanza hupenda kukimbilia ND1000 kwa sababu ya picha za bahari iliyogeuka moshi, kisha huona maporomoko yao ya maji yametoka kama shuka jeupe lisilo na mikunjo. Stopu 6 hutumika mara nyingi zaidi, kwa kuwa hukupa mwendo na bado hukuachia umbo la maji.

ND ya kubadilishwa, ambayo unaizungusha kuongeza au kupunguza giza, huundwa na polaraiza mbili zilizopangwa pamoja. Ni rahisi kutumia kwenye video. Kwenye picha za mandhari ina kasoro ambayo imeelezwa katika sehemu ya matatizo.

Filta ya nusu giza, ambayo huandikwa GND na hutiwa giza juu na kuachwa angavu chini, ilibuniwa kwa ajili ya anga angavu juu ya ardhi yenye kivuli. Inahitaji kishikilio na vioo vya mstatili ili uweze kuupandisha au kuushusha mstari wa mpaka. Siku hizi unaweza kupiga fremu mbili kwenye traipodi, moja ya anga na moja ya ardhi, ukaziunganisha baadaye, bila mlima au jengo kutiwa giza kwa sababu tu limevuka mstari. Iache kwa sasa. Filta za ukungu, za nyota na za rangi ni mapambo; zinunue ukishajua unataka nini kutoka kwazo.

Hatua ya 4: Kagua filta kabla ya kuikubali

Iweke filta juu ya karatasi nyeupe kwenye mwanga wa dirisha. ND nzuri huonyesha kijivu kisichoelemea rangi yoyote. Ukiona kijani, kahawia au zambarau, rangi hiyo itaingia kwenye picha. Kisha iinamishe huku ukitazama taa ikiakisiwa kwenye kioo. Kioo kilichopakwa tabaka nyingi za kuzuia uakisi hurudisha taa hafifu yenye rangi ya kijani au zambarau, ilhali kioo kisichopakwa chochote hurudisha taa nyeupe na kali kama kioo cha dirisha. Tofauti hiyo ndiyo utakayokutana nayo usiku ukipiga picha za barabara zenye taa.

Kwa polaraiza lipo jaribio la uhakika. Washa kompyuta ya mpakato yenye skrini ya LCD ikionyesha ukurasa mweupe. Shika filta mbele ya jicho moja, upande unaoingia kwenye lenzi ukielekea kwako, na upande wa nje ukielekea skrini, kisha izungushe taratibu. Skrini itafifia, itakaribia kuwa nyeusi, na kurudi tena baada ya robo ya mzunguko. Ikibaki nyeupe wakati wote, ama umeishika kinyume, ama umeuziwa kioo cha kawaida kilichopakwa rangi ya kijivu. Igeuze ujaribu tena kabla ya kulalamika. Hakikisha pia kwamba ukingo wa mbele unazunguka kwa ulaini: usiwe mgumu kiasi cha kuifungua filta nzima, wala usiwe mlegevu kiasi cha kuzunguka wenyewe.

Hatua ya 5: Funga filta bila kuharibu hesi

1. Elekeza lenzi juu ili filta ilale yenyewe badala ya kuning'inia.
2. Puliza vumbi kwenye kioo cha lenzi na pande zote mbili za filta. Vumbi likibaki katikati utalipiga picha siku nzima.
3. Shika filta kwa ukingo, iweke juu ya hesi, kisha izungushe kwanza kinyume, kama unayeifungua, mpaka usikie au uhisi kimtikisiko kidogo. Hapo mwanzo wa hesi mbili umekutana.
4. Sasa zungusha upande wa kufunga kwa vidole viwili tu. Ikikaza kabla ya mzunguko mmoja kukamilika, simama, imeingia upande. Ifungue uanze upya.
5. Ikifika mwisho, acha. Usiikaze kwa nguvu, kwani joto na mtikisiko wa safari huongeza mkazo.

Usifunge polaraiza juu ya UV. Unaongeza kioo kisicho na kazi, unaongeza uakisi, na unaongeza unene unaoziba pembe za picha. Toa ya kwanza, ndipo ufunge ya pili.

Hatua ya 6: Tumia polaraiza

1. Panga picha yako kwanza na uifokasi. Baadhi ya lenzi, hasa za zamani, huzungusha sehemu ya mbele zinapofokasi, na hilo litavuruga mkao wa filta ukiupanga mapema.
2. Zungusha ukingo wa mbele wa filta polepole huku ukitazama skrini au kitundu cha kuchungulia. Chagua kitu kimoja cha kukiangalia: jani lililolowa, jiwe ndani ya maji, kioo cha gari. Mabadiliko makubwa hutokea ndani ya robo ya mzunguko, kisha hujirudia, kwa hiyo hakuna haja ya kuzungusha mara nyingi. Zungusha daima upande wa kufunga ili filta isije ikajifungua na kuanguka.
3. Simama pale unapopenda matokeo, ambapo si lazima pawe mahali pa nguvu ya juu kabisa. Mto usiokuwa na mng'ao hata kidogo hupoteza dalili kwamba ni mto.
4. Angalia mwanga tena. Polaraiza hula kati ya stopu 1 na 2, na kama unapiga kwa mkono, kasi iliyokuwa 1/125 inaweza kushuka hadi 1/30 bila wewe kutambua.
5. Ukigeuza kamera kutoka ulalo kwenda wima, panga filta upya. Hatua hii husahaulika kuliko zote.

Nguvu ya polaraiza hutegemea mahali uliposimama. Kwa maji na kioo, hufanya kazi vizuri zaidi ukitazama kwa mshazari, nyuzi 35 hivi kutoka kwenye uso wenyewe. Ukisimama moja kwa moja mbele ya dirisha na kulitazama uso kwa uso, utazungusha mpaka uchoke na taswira yako itabaki kwenye kioo. Kwa anga, sehemu inayoathiriwa sana ni ile iliyo nyuzi 90 kutoka kwenye jua. Ili kuijua, nyoosha kidole cha shahada kuelekea jua bila kulikazia macho, simamisha kidole gumba kikiwa kimetengana nacho kwa pembe mraba, kisha pindua mkono: kila mahali gumba linapoelekea ndipo anga litakapokolea. Jua likiwa mgongoni mwako kabisa, au mbele yako kabisa, tarajia mabadiliko kidogo sana.

Iondoe polaraiza unapoingia ndani ya jengo, jioni mwanga unapopungua, unapopiga picha kupitia dirisha la ndege, ambapo plastiki ya dirisha hutoa michirizi ya rangi za ajabu, na unapotaka upinde wa mvua. Mwanga wa upinde huo una upolaraizi mkubwa, na filta ikikaa vibaya inaweza kuufuta kabisa.

Hatua ya 7: Tumia ND kwa shata ndefu

1. Funga kamera kwenye traipodi, panga picha, weka ISO 100 na tundu la lenzi la f/8 au f/11. Usikimbilie f/22 ili kurefusha muda. Matundu madogo sana hupunguza ukali wa picha, na kazi ya kupunguza mwanga umeishanunulia filta.
2. Fokasi kabla ya kufunga filta, kisha hamisha fokasi kwenda kwenye mkao wa mkono, MF. Kwa ND1000 kamera nyingi za DSLR hazioni kitu na zitahangaika mbele na nyuma. Unapoifunga filta, shikilia pipa la lenzi ili ringi ya fokasi isisogee.
3. Bila filta, piga picha ya majaribio hadi mwanga ukuridhishe. Andika kasi ya shata uliyoipata.
4. Zidisha kasi hiyo mara mbili kwa kila stopu ya filta. Tuseme umepata 1/60. Kwa ND8 unapata 1/8. Kwa ND64 unapata sekunde 1. Kwa ND1000 unapata takriban sekunde 17, na kwenye kamera utachagua 15.
5. Zima mfumo wa kuzuia mtikisiko, kama kitabu cha kamera yako kinavyoshauri kwa matumizi ya traipodi.
6. Weka mizani ya weupe, ile inayoandikwa WB, kwenye mkao maalumu kama wa jua au wa mawingu badala ya otomatiki, na upige kwa RAW, yaani faili ghafi ambalo kamera haijalichakata, ili uweze kurekebisha rangi baadaye.
7. Kama kamera yako ni DSLR, funika kitundu cha kuchungulia. Mwanga unaoingia kwa nyuma ukiiacha shata wazi kwa sekunde nyingi huacha mistari au madoa ya ukungu kwenye picha.
8. Funga filta, hamia modi ya M, weka kasi uliyoihesabu, na uachie shata kwa rimoti au kipima muda.
9. Tazama histogramu, yaani grafu ya mgawanyo wa mwanga kwenye picha, badala ya kuamini mwonekano wa skrini, kisha ongeza au punguza muda.

Kamera nyingi huishia sekunde 30. Ukihitaji zaidi, tumia mkao wa B, ambao huacha shata wazi muda wote unaoibonyeza, na rimoti inayoweza kufungwa, huku ukihesabu kwa simu. Na jua likiwa linazama, ongeza muda juu ya ule uliohesabu, kwa sababu mwanga hupungua wakati shata iko wazi. Usishangae pia ikiwa kamera inabaki kimya kwa sekunde 60 nyingine baada ya picha ya sekunde 60: imewashwa mfumo wa kupunguza chembechembe zinazochafua picha, ambao hupiga fremu ya pili ya giza kwa muda uleule. Unaweza kuuzima kwenye menyu.

Onyo la usalama: ND1000 si filta ya jua. Usilitazame jua kupitia kitundu cha kuchungulia cha DSLR kwa kutegemea ND ya kawaida, hata kama inaonekana nyeusi. Filta hizo zinaweza kupitisha miale ya infraredi inayounguza jicho bila maumivu. Kwa jua lenyewe na kwa kupatwa kwa jua hutumika filta maalumu za jua.

Hatua ya 8: Safisha na uhifadhi

Puliza vumbi kwanza, daima. Kitambaa kikipita juu ya chembe ya mchanga huichora filta. Alama za vidole ziondoe kwa tone la maji ya kusafishia lenzi yaliyowekwa kwenye kitambaa, si kwenye kioo, kwa kuwa maji yanayotiririka kwenye ukingo wa polaraiza yanaweza kupenya katikati ya tabaka zake na kuacha doa lisilotoka. Baada ya kupiga picha karibu na bahari, futa kwa kitambaa kilicholoweshwa maji yasiyo na chumvi kabla chumvi haijakauka. Hifadhi kila filta kwenye kasha lake, lisiloachwa juu ya dashibodi ya gari.

Matatizo ya kawaida na namna ya kuyatatua

Pembe za picha ni nyeusi. Umepanga filta au ringi nyingi kwenye lenzi pana, au ukingo wa filta ni mnene. Bakiza filta moja, vuta zumu kidogo, au tumia filta ya ukingo mwembamba.

Anga lina giza upande mmoja na weupe upande mwingine. Umetumia polaraiza kwenye lenzi pana. Chini ya urefu wa fokasi wa milimita 24 kwa kamera ya fremu kamili, yaani yenye kihisi cha ukubwa wa filamu ya milimita 35, picha hukusanya sehemu ya anga inayoathiriwa pamoja na isiyoathiriwa. Punguza nguvu ya filta au acha anga nje ya picha. Kulirekebisha baadaye ni kazi ngumu.

Kuna kivuli chenye umbo la X katikati ya picha. Hiyo ni ND ya kubadilishwa iliyozungushwa kupita uwezo wake, na huonekana mapema zaidi kwenye lenzi pana. Irudishe nyuma hadi X itoweke, na giza lililobaki litafute kwa tundu la lenzi.

Picha ina wekundu au ukahawia, hasa kwenye nguo na vivuli vyeusi. ND nzito imezuia mwanga wa kawaida lakini imeruhusu infraredi kupita. Rekebisha mizani ya weupe kwenye RAW. Ikiwa rangi haitoki, tatizo ni kioo, na tiba yake ni ND iliyotengenezwa kuzuia infraredi pia.

Taa zina vivuli vyake vidogo vinavyoelea upande wa pili wa picha. Taa zinaakisiwa kati ya filta na lenzi. Usiku, ondoa filta ya UV.

Picha ya shata ndefu haina ukali. Kagua kwa mpangilio huu: je, ringi ya fokasi ilisogea ulipofunga filta, je, fokasi ilibaki kwenye otomatiki, je, mkanda wa kamera ulipeperushwa na upepo, je, nguzo ya kati ya traipodi ilikuwa imeinuliwa? Ikiwa picha isiyo na filta ni kali na yenye filta ni hafifu katika hali zilezile, kioo ndicho kibovu.

Filta imekwama. Wengi huibana kwa nguvu zote kati ya kidole gumba na cha shahada, na hapo ukingo hupindika kidogo, ukaacha kuwa duara kamili na kujifunga zaidi. Zungushia ukingo mpira mpana wa kufungia bahasha, au shika kwa vidole vyote vitano vilivyogusa sawasawa pande zote, kisha zungusha taratibu bila kubana. Ikikataa, nunua vibanio vya plastiki vya kufungulia filta vya ukubwa wako, ambavyo huukamata ukingo mzima kwa pamoja. Usiingize bisibisi wala koleo. Na kama ukingo umebonyea kwa kuanguka, mpelekee fundi wa kamera, kwa kuwa hesi ya lenzi ikiharibika hakuna filta nyingine itakayokaa.